Majani ni mboga ya kuku, siyo bugali yake

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya wanachama, kwenye mkutano mkuu wa umoja wetu, Baraka



Tumeombwa tuseme juu ya majani ya kuku. Mgeni anaweza kufikiri ni neno dogo, la kupitisha wakati tukingojea chakula kiive. Lakini ninyi mlioko hapa mnajua kwa nini komite imeliweka mbele ya hesabu ya sanduku. Kuku wamekonda. Mayai yamepungua. Ndugu zetu walio kwenye orodha wanauliza kuku wao watafika lini, na walio na kuku wanaona haya kukutana nao njiani. Basi tuanze na ukweli, halafu mafundisho yafuate: kosa lilianzia kwetu sisi wa timu. Leo tunataka kulieleza lilivyo, na kuonyesha namna ya kulitengeneza.

Namna tulivyofika hapa

Kwa ajili ya wafadhili wetu, tukumbushe kazi yenyewe. Wengi wetu hapa tulivuka ziwa kwenda Tanzania tangu vita vya 1996 na miaka iliyofuata. Wengine walikaa Lugufu mpaka kambi ile ilipofungwa 2009, wengine Nyarugusu. Tuliporudi, tulikuta lupango zimegawanywa, mashamba yamelimwa na wengine, na majirani waliobaki ambao nao walikuwa wameteseka. Mtu hawezi kuanza na ng'ombe katika hali kama hiyo. Anaanza na kuku.

Kwa hiyo umoja uliweka utaratibu wa kupokezana. Mwanachama anapewa majike wanne na jogoo mmoja. Vifaranga vikikua, anarudisha wengine watano, nao wanakwenda kwa mwanachama anayefuata. Hakuna pesa inayotembea. Kinachotembea ni kuku na uaminifu. Kuku wa mmoja wakikwama, orodha yote inakwama.

Mwanzoni kuku walikuwa wanazunguka wenyewe. Walichakura, walikula mchwa, mbegu, majani machanga, makombo ya jikoni. Halafu yakaja matata na majirani. Kuku wa mwanachama mmoja waliingia kwenye tuta la lengalenga la jirani wakalimaliza asubuhi moja. Ninyi mnajua neno lililosemwa siku ile: "Mlirudi kuchukua ardhi, sasa mnaleta na kuku wenu." Kuku walikuwa wamefungua kidonda kisichokuwa chao. Mkutano ukaamua, na uliamua vizuri, kwamba kuku wote wakae ndani ya boma mpaka mboga za watu zivunwe.

Lakini kuku aliyefungiwa ni kuku mwingine. Hawezi tena kujitafutia. Yote anayohitaji yanatoka mkononi mwa mwenye nyumba. Hapo ndipo tulipoitwa sisi kufundisha, na hapo ndipo tulipokosea.

Neno tulilosema vibaya

Tulifundisha siku mbili. Tulisema mambo mengi, na mengi yalikuwa ya kweli: majani yanampa kuku vitamini, yanalinda macho yake, yanafanya kiini cha yai kiwe cha manjano mazuri. Halafu, kwa sababu bei ya mahindi ilikuwa imepanda, tukaongeza neno moja: "Majani ni chakula cha bure, yatawapunguzia gharama ya nafaka." Tukalisema tukifurahi, na watu wakapiga makofi.

Baada ya wiki chache tukazunguka tukakuta mayai yenye kiini cha manjano kama mawese. Tukapiga picha. Picha ile tuliitia kwenye ripoti, na wafadhili wetu waliiona. Hatukushika kuku hata mmoja mkononi siku ile.

Mwezi uliofuata tulifika kwa mama mmoja, mjane, wa kwanza kabisa kupokea kuku wa umoja. Tulikuwa na karatasi ya maswali. Tukamwuliza kama amefuata mafundisho. Alitutazama, akaingia ndani ya boma, akarudi na jike moja, akatuwekea mikononi. Mfupa wa kifua ulikuwa kama makali ya kisu. Upanga wa kichwani umepauka. Akasema: "Wanangu, njo ninyi mulisema majani ni chakula. Nilitoa chakula."

Alikuwa ameacha kuwapa mahindi kabisa. Kila asubuhi alikwenda mpaka mtoni, akarudi na mzigo wa majani kichwani. Kuku walikula mpaka mifuko ya shingoni ikajaa, na bado walikuwa na njaa. Alikuwa ametii kuliko wote, na utii wake ndio uliomharibia. Tulipoendelea na nyumba nyingine, tulikuta hali hiyo hiyo. Wale ambao kuku wao walikuwa wazima ni wale ambao hawakutusikiliza vizuri.

Tangu siku ile tumejiuliza namna ya kueleza jambo hili ili lisipotoke tena. Jibu tulilipata katika lugha yetu wenyewe. Sisi tunatenga bugali na mboga. Sombe ni nzuri sana, lakini mtu akikuwekea bakuli la sombe bila bugali, utamwuliza: chakula kiko wapi? Na akikuwekea bugali kavu kila siku bila mboga, utashiba leo, lakini baada ya miezi mwili utadai. Kwa kuku ni vile vile. Nafaka na vitu vya kujenga mwili ndiyo bugali yake. Majani ni mboga yake. Mboga inasindikiza bugali, haichukui nafasi yake.

Na waliokaa kambini hawahitaji kueleweshwa sana. Tulipanda lengalenga nyuma ya nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yalipomwagika, kwa sababu mgao wa unga na maharagwe peke yake haukutosha mwili. Mboga ile ilitusaidia sana. Lakini kumbukeni siku ambazo mgao ulichelewa au ulipunguzwa. Mboga ilikuwapo, sufuria ilijaa, na watoto walilala wakilia. Wengine wetu wa timu hii tulikuwa ndio watoto wale. Halafu tukasomea kilimo chuoni, tukarudi kuwafundisha watu kuwalisha kuku namna ile ile tuliyolia nayo.

Kwa nini majani hayashibishi

Angalieni basini hizi mbili. Siku nne zilizopita, mbele ya wanachama watatu, tulipima kilo 1 ya lengalenga mbichi. Tukaianika, tukaigeuza, tukaiweka ndani usiku ili umande usiiguse. Leo asubuhi tumeipima tena mbele ya wale wale. Imebaki karibu gramu 120, konzi chache tu. Iliyobaki yote ilikuwa maji.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Kuku wa kienyeji aliyefungiwa anahitaji karibu gramu 80 mpaka 100 za chakula kikavu kwa siku. Kuku 10 wanahitaji karibu kilo 1. Ukiwapa kuku 10 kilo 1 ya lengalenga mbichi, umewapa kilichomo kwenye basini hii ndogo, yaani chakula cha kuku mmoja, kimegawanywa kwa kumi. Na kama ungetaka kuku mmoja ashibe kwa majani peke yake, ingebidi ale karibu gramu 700 kwa siku au zaidi. Jike letu la kienyeji lina uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Ni nani kati yetu anaweza kula nusu ya uzito wake kila siku?

Wengine wameuliza: mbona mbuzi anakula majani tu na ananenepa? Mbuzi ana tumbo lenye vyumba vinne, na ndani yake kuko vijidudu vinavyovunja nyuzi za majani. Tena anacheua. Kuku hana hayo. Ana mfuko wa shingoni wa kuhifadhi, ana firigisi ya kusagia kwa msaada wa changarawe, halafu utumbo mfupi. Nyuzi nyingi za majani zinapita tu. Ndiyo maana kuku aliyeshindiliwa majani anatoa mavi ya majimaji ya kijani, boma linalowa, na harufu inaanza. Wengi wenu mlituambia kuku "wana tumbo", na wengine wakanunua dawa sokoni. Kuku wengi kati ya wale hawakuwa na ugonjwa. Walikuwa na njaa.

Na kile kiini cha manjano? Rangi inatoka kwenye majani yenyewe. Inaonyesha kwamba kuku amekula majani au mahindi ya manjano. Haionyeshi kwamba ameshiba. Kuku anaweza kutoa yai zuri la manjano huku akikula nyama ya mwili wake mwenyewe, mpaka siku anapoacha kutaga. Tuliona rangi, tukaiita afya.

Bugali kwanza

Basi mambo ya kufanya ni haya. Tutayasema polepole, na katibu atayabandika mlangoni.

Asubuhi, kuku wapate chakula chao kikavu kwanza, mbele ya majani. Jioni, mbele ya kulala, wapate tena. Tumetafuta mchanganyiko wa vitu vinavyopatikana hapa Baraka. Katika kilo 10, tia mahindi yaliyovunjwa kilo 5, makapi ya mchele kilo 2, muhogo uliokaushwa vizuri na kusagwa kilo 1, soya au karanga zilizokaangwa na kusagwa kilo 1, na unga wa ndagala kilo 1. Ndagala zile ndogo zilizovunjika, zinazobaki chini ya gunia, zinauzwa bei ndogo. Pepeteni mchanga, na msichukue zenye chumvi. Karanga zenye ukungu msizitie kabisa: ukungu ule unaharibu maini ya kuku, na maini ya watu pia.

Asiyeweza kupata vyote asikate tamaa. Atoe mahindi na makapi, na aongeze mchwa, wadudu au ndagala kidogo. Neno kubwa ni kwamba kuku apate kitu cha nguvu na kitu cha kujenga mwili, kila siku. Ukiona nafaka haitoshi kuku wote, ni afadhali kuuza jogoo wawili na kulisha waliobaki, kuliko kufuga kumi wenye njaa.

Kwa gamba la yai, kuku anahitaji chokaa. Majani peke yake hayatoshi hapo, tena lengalenga ina kitu ndani yake kinachoshika chokaa ile isitumike yote. Kuku akikosa, anaitoa kwenye mifupa yake. Kusanyeni makombe ya konokono na chaza yaliyo ufukweni mwa ziwa, yachomeni, yapondeni, myaweke kwenye kifuniko kando. Kuku mwenye haja atakwenda kudonoa mwenyewe. Maganda ya mayai pia yanafaa, lakini yachomwe na kusagwa mpaka kuku asiyatambue, asije akajifunza kula mayai.

Na maji safi yasikauke kamwe. Majani yana maji, lakini hayachukui nafasi ya maji ya kunywa.

Halafu mboga

Sasa majani. Hatukuja kuwaambia mwache majani. Kuku aliyefungiwa bila kitu kibichi anapungukiwa. Macho yanaanza kuvimba na kugandana, vifaranga vinatoka dhaifu, na kuku wanadonoana kwa kukosa la kufanya. Kwa hiyo toeni majani kila siku, kwa kipimo.

Kipimo ni hiki: konzi moja ya majani yaliyokatwa kwa kuku wawili. Toeni saa nne au saa tano, wakiwa wamekwisha kula chakula chao. Wakiyamaliza kwa nusu saa, vizuri. Yakibaki, yaondoeni, na kesho mpunguze. Kama kuku hawajazoea, anzeni na kidogo kwa wiki moja.

Yaliyo mazuri ni lengalenga, matembele machanga, na majani ya moringa kwa mwenye mti wake. Chagueni machanga. Jani likizeeka linakuwa na nyuzi nyingi, na kuku analiacha au linamletea tabu.

Kateni vipande vidogo kama ukucha. Kuku hana meno. Akimeza majani marefu kama kamba, yanaweza kujifunga kwenye mfuko wa shingoni, na chakula kinashindwa kushuka. Kama hamna wakati wa kukata, fungeni fungu kwa kamba, mlitundike juu kidogo ya kichwa cha kuku. Akidonoa, fungu linashikwa na kamba, na yeye anakata kipande chake mwenyewe. Tena majani hayakanyagwi kwenye mavi. Hii inaondoa pia ule ugomvi wa kudonoana, kwa kuwa kila mmoja anapata kazi. Na hakikisheni kuna changarawe ndogo ndani ya boma, maana firigisi bila mawe ni kama kinu bila mchi.

Vifaranga vya wiki za kwanza vipewe chakula tu, pamoja na majani kidogo sana yaliyokatwa laini. Tumbo lao ni dogo. Mkilijaza majani, hakuna nafasi ya kitu cha kukuza.

Ya kukataza

Hapa tunaomba sikio lenu lote, kwa sababu mengine yanaua.

Sombe mbichi hapana. Wamama, ninyi ndio walimu wetu hapo: kwa nini mnatwanga sombe na kuichemsha muda mrefu? Kwa sababu jani la muhogo lina sumu, hasa la muhogo mchungu. Kuku hatwangi wala hapiki. Kama mtu anataka kutumia majani ya muhogo, ayakate vipande vidogo, ayaanike juani siku mbili au tatu mpaka yavunjike mkononi, halafu asage na kutia kidogo tu kwenye chakula. Maganda ya muhogo pia ni hivyo: kukata, kuanika mpaka yakauke kabisa, mbele ya kumpa kuku.

Majani na maganda ya avoka hapana. Majani ya nyanya na ya viazi vya kizungu hapana, wala kiazi chenye rangi ya kijani. Tumbaku hapana. Mbarika hapana, na mbegu zake hata moja isianguke ndani ya boma. Maharagwe mabichi yasiyopikwa hapana.

Majani yaliyopuliziwa dawa ya wadudu hapana. Mkiomba majani kwa mtu, mwulizeni kwanza kama amepulizia. Na majani yaliyooza au kuota ukungu tupeni kwenye shimo la mbolea, msiseme "kuku atachagua". Kuku mwenye njaa hachagui.

Tena majani si dawa. Kuna wanaosema ukimpa kuku majani fulani machungu, tauni ya kuku haitapita. Tauni ile inapoingia inaweza kumaliza boma zima kwa siku chache, na kinga yake ni chanjo. Siku ya chanjo ikitangazwa, leteni kuku wote, hata yule anayeonekana mzima kuliko wenzake.

Kiangazi

Kutoka mwezi wa sita mpaka wa nane majani yanapungua, na wamama wanatembea mbali. Kazi ya kubeba majani isiwe juu ya mtoto wa kike anayepaswa kuwa shuleni. Tumeona hilo kwenye nyumba mbili, na hilo nalo lilitokana na mafundisho yetu. Ukifuata kipimo cha konzi moja kwa kuku wawili, mwenye kuku sita anahitaji konzi tatu tu kwa siku. Hilo ni tuta dogo, siyo mzigo wa kichwani.

Pandeni matembele kando ya mahali pa kuogea, kwa vipande vya shina, yakamate udongo. Lengalenga pandeni mahali panapomwagika maji ya kuoshea vyombo na mboga, siyo maji yenye sabuni nyingi. Vuneni kwa kukata vichwa, msing'oe shina, na litachipua tena. Wakati wa mvua majani yakizidi, yakausheni kivulini, yatunzeni kwenye gunia mahali pakavu. Konzi ndogo ya majani makavu yaliyosagwa, ikichanganywa kwenye chakula cha siku, inasaidia mpaka mvua zirudi.

Kupima kwa mkono

Tunawaomba kila mwanachama, kila jumapili jioni kuku wakiwa wamelala, awashike mmoja mmoja na kupapasa kifua. Mfupa ukiwa umezungukwa na nyama pande zote, kuku ameshiba. Mfupa ukikata kidole, ongezeni bugali, siyo mboga. Angalieni na mavi: yakiwa makavu kiasi, yenye ncha nyeupe, vizuri, yakiwa maji ya kijani, punguzeni majani, hakikisheni chakula kinatosha, na yakiendelea siku mbili mtuite. Hesabuni mayai na kuandika kwenye ukuta kwa mkaa. Hakuna haja ya daftari.

Na sisi tumejiwekea sheria: hakuna ripoti itakayotoka bila timu kushika kuku mkononi. Picha ya yai haitatosha tena.

Maneno kwa komite na kwa wafadhili

Tumeomba komite mambo mawili, na imekubali yote mawili. La kwanza, wanachama waliochelewa kurudisha kuku kwa sababu ya shida hii wameongezewa muda, na hakuna atakayelipa faini. Mtu asiadhibiwe kwa kufuata alichofundishwa. La pili, mwanachama mpya asipewe kuku mpaka aonyeshe chakula cha mwezi mmoja na tuta la majani lililoota. Walio kwenye orodha, tunajua hili linawaongezea kungoja. Tunawaomba radhi. Lakini kuku watano wazima watakaofika baadaye ni afadhali kuliko watano wa kufa mikononi mwenu.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima: tuliwatumia picha nzuri, na picha ile haikusema yote. Haya tunayoyasema leo ndiyo ripoti yenyewe. Mkitaka kutusaidia mwaka huu, msianze na kuongeza kuku. Saidieni umoja kununua mahindi na makapi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuyatunza kwenye ghala kavu mpaka kiangazi. Kuku wataongezeka wenyewe.

Tumalizie na yule mama. Tulirudi kwake mara nyingi, mwanzoni kwa haya. Aliuza jike mmoja, akanunua mahindi na ndagala, akalisha waliobaki. Ilichukua wiki nyingi, lakini wamerudia kutaga. Majani haendi tena kuyatafuta mtoni. Anayapata kwa jirani yake, yule yule ambaye tuta lake la lengalenga liliharibiwa. Jirani anapopunguza miche iliyosongamana, anamrushia fungu juu ya ua. Mama naye anampelekea mavi ya kuku yaliyokaa shimoni mpaka yakaiva, kwa ajili ya tuta. Hawajamaliza matata yao ya mpaka wa lupango, na wazee wanaendelea kusikiliza. Lakini asubuhi wanasalimiana.

Tulipomwambia kwamba tungetaka kusimulia habari yake leo, alikubali kwa sharti moja. Alisema: "Waambieni niliharibu kwa kusikiliza, siyo kwa uvivu." Mama, tumewaambia.

Mwenye swali aulize, na mwenye kuku anayemtia wasiwasi amlete hapa mbele tumpapase pamoja.